Tarumbeta ya Ua Hawaitaki

Rumonge, leo Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri kisha ikakata ghafla, na sasa ziwa limekaa rangi ya majivu, halina wimbi, limenuna. Na mimi nimenuna. Ningekuwa na wa kumpiga, ningempiga.

Mwajuma dada yangu, nakuandikia siku zangu kama tulivyoagana, kila mmoja aandike za kwake na kumpelekea mwenzie, kwa hizi herufi za Kiarabu za chuoni tulizofundishwa kwa fimbo. Usicheke mwandiko. Ni hasira inayoandika, uzee bado.

Kwanza salamu, maana hasira haiondoi adabu. Pokea salamu za Baba Shabani, mgongo unamsumbua, yuko ndani amelala kifudifudi na anakohoa ili nijue kwamba anasikia. Pokea salamu za mama mkwe wangu, Bi Nyange, anauliza kila siku kama Ujiji bado kuna tende na kama wewe bado ni mwembamba. Pokea salamu za Zena, mwanangu wa kike, tumbo lake limeshakuwa kubwa na anakula udongo wa ukutani, nimemkataza, hasikii. Pokea salamu za Asha mdogo, jino la mbele limeng'oka na sasa hawezi kusema jina lake mwenyewe. Hata yule mbuzi uliyetuachia anakusalimu, amekula nusu ya mkeka wa kuswalia. Nami nakuomba unisalimie shemeji Idi, na Mariamu, na Juma, na yule mchanga ambaye sijamwona, na jirani yako yule anayekupa moto asubuhi.

Shabani mwanangu naye angekusalimu, lakini tangu Alhamisi hasemi vizuri na mtu. Basi nakusalimia kwa niaba yake.

Sisi wazima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa, na jina la ugonjwa wenyewe ni tarumbeta.

Ulipokuwa hapa, beni yetu ilikuwa ngoma mbili na filimbi ya mwanzi. Sasa imekuwa jambo kubwa. Vijana wanavaa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu, wanatembea kushoto kulia kama askari wa bomani, na mbele yao anatembea kapteni. Kapteni ni Feruzi, yule Mmanyema aliyekuwa askari huko Usumbura, akarudi na mguu usiokunjika. Wana tarumbeta nne. Hakuna harusi wala tohara kuanzia Gatete hadi Kigwena inayofanyika bila wao.

Tarumbeta tatu kati ya hizo zina chapa ya tai. Tai ni ndege wa hawa Wadachi wanaotutawala, amegongwa kwenye shaba karibu na mdomo ule mpana, mbawa wazi, kucha nje. Zilitoka Udachi kwa meli, zikabebwa vichwani kutoka pwani mpaka ziwani.

Ya nne ni ya mwanangu. Baba yake aliipata ng'ambo ya ziwa, huko Baraka, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na shida ya chumvi. Nayo ina chapa, wasikudanganye kwamba haina. Ina ua. Ua dogo tu, zuri, la mviringo, kama lile unalochora kwenye unga ukiwa unamngoja mtu. Ila hakuna hapa anayejua ua lile ni la nani, limetoka nchi gani, fundi wake ni Mzungu wa wapi. Na kwa kuwa hawajui, wamekata shauri kwamba ni takataka.

Wanaiita sufuria ya ng'ambo.

Kila wanapokusanyika, kabla ya kupiga, Feruzi anawapanga mstari. Anapita mbele yao na kugusa kila chapa kwa kidole gumba: tai, tai, tai. Akifika kwa Shabani anakichomeka kidole kwenye mkanda na kupita. Watu wanacheka, na yuko mmoja lazima aulize, "Shabani, leo umepika nini?" Mwingine anajibu, "Maharage, husikii harufu?" Mwanangu anacheka nao. Mimi mamake nalijua lile cheko. Ndilo alilokuwa akicheka utotoni akianguka na kukataa kulia.

Nikuambie jambo nililoliona, maana mimi sina elimu lakini nina macho. Tarumbeta ya tai ikikwama na kutoa sauti ya mbuzi anayechinjwa, wanasema mpigaji amechoka, mpeni maji. Ile ya ua ikikwama kidogo tu, wanasema, "Si tulisema?" Tai hana kosa hata akikosea. Ua halina sifa hata likisifika. Sasa mtu atashinda vipi hapo?

Alhamisi ilikuwa harusi huko Gatete, binti wa Bi Halima anaolewa. Unamjua Bi Halima, yule mrefu ambaye cheko lake linaishia kwenye kikohozi. Wanaume na beni walikuwa nje, sisi wanawake tulikuwa ndani ya wigo wa matete pamoja na bibi harusi, kama desturi. Hatuwaoni wapigaji. Tunasikia tu. Na ndiyo maana desturi ya leso ni yetu wanawake: mwenye harusi anatoa leso mpya kwa yule aliyetugusa moyo, bibi mmoja anaipeleka nje, anamwambia kapteni ni ya nani, kapteni anaifunga kwenye tarumbeta. Ikishafungwa haifunguliwi. Na mwenye leso ndiye anayetangulia mstari sherehe inayofuata.

Sherehe inayofuata, dada, ni sikukuu ya Kaizari, mfalme wa Wadachi. Usumbura. Mbele ya Bwana Mkubwa.

Basi ulipofika wimbo wa kumuaga binti, alianza Rajabu. Rajabu ni mtoto wa dada yake Feruzi, na tarumbeta yake ndiyo inayong'aa kuliko zote. Alipiga vizuri, sitamdhulumu. Kisha katikati akanyamaza, na nyingine ikapokea. Ilianzia chini, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno zito. Ikapanda polepole. Ikafika juu na kukaa huko, haikutetemeka, mpaka bibi harusi akaficha uso na sisi sote tukatafuta ncha za nguo zetu.

Nilijua ni nani. Sikuhitaji kuchungulia. Shabani anavuta pumzi kwa pua, upesi upesi, bila kuachia mdomo. Ndivyo alivyokuwa akinyonya. Alikuwa haachi titi hata kupumua, nikidhani atakufa.

Bi Halima akafungua kasha, akatoa leso nyekundu yenye pindo jeusi, akampa Bi Tabu, shangazi yake. Kwa masikio yangu nimemsikia akisema, "Mpelekee huyu aliyemaliza. Aliyemaliza, Bi Tabu, si aliyeanza." Bi Tabu akatoka. Tukasikia vigelegele huko nje. Zena, pamoja na tumbo lake, akapanda kinu kuchungulia juu ya wigo.

Akashuka uso umebadilika.

"Mama, wamemfungia Rajabu."

"Rajabu yupi?"

"Rajabu yupi mwingine? Tena mkononi ana kata, anakunywa togwa."

Wimbo umeisha yeye akinywa togwa, na leso ya aliyemaliza wimbo amefungiwa yeye!

Unaniuliza kwa nini sikupiga kelele pale pale. Dada, wewe unazijua desturi zetu. Mama hasimami kwenye harusi ya watu kusema mwanangu ndiye bora, watasema ninamtilia binti wa watu kisirani. Niliuma ncha ya kanga mpaka ikalowa. Bi Tabu aliporudi nilimuuliza taratibu alimwambia nini kapteni. Akasema, "Nilimwambia aliyemaliza. Akasema vyema mama, nimekusikia. Mimi macho yangu haya, nitajuaje kamfungia nani?"

Njiani Shabani alitembea mbele yetu na tarumbeta ndani ya kikapu, kama mtu aliyebeba samaki aliyeoza.

Jana Ijumaa asubuhi hakula. Kisha akaniambia, amesimama mlangoni, hata hakukaa:

"Mama, nakwenda Usumbura."

"Na beni? Kwenye sikukuu?"

"Siyo na beni. Naenda kuandikwa. Bomani iko beni ya askari. Ukiandikwa unapewa tarumbeta yao wenyewe, ya tai. Hakuna wa kuniuliza tena."

"Unapewa tarumbeta tu?"

Akatazama nje.

"Nakuuliza, Shabani. Askari anapewa tarumbeta tu?"

"Na bunduki. Nitaizoea."

Nitaizoea! Kama viatu vinavyobana! Mwajuma, nilikaa chini kwenye jiwe la kusagia. Nilimkumbuka kaka yetu Salumu, alivyotuaga akiwa na kofia yake ile mpya, anacheka, akapelekwa kusini kupigana na watu ambao hakuwahi kuwakosea wala kuwaona, na mpaka leo hatujui amezikwa wapi au kama alizikwa. Mama yetu alikuwa akitenga chakula chake kila jioni. Wewe ndiye uliyekuwa ukikila asubuhi ili asijue kwamba hakikuliwa.

Sitaki kutenga chakula cha mtu.

Nikamwambia, mwanangu, kwa ajili ya ndege aliyechorwa kwenye shaba? Akaniambia, "Si ndege, mama. Ni jina. Hata wewe hununui chumvi mpaka uambiwe ni ya Uvinza." Nikamjibu kwamba chumvi ya Uvinza ni nzuri kweli! Akacheka cheko baya. Nikakasirika zaidi, maana chumvi ya Uvinza ni nzuri kweli, na tena alinishika mahali.

Baada ya swala alipita Bakari wa Kigwena, yule mpiga zumari, na mzigo wake wa mikeka. Nikapata wazo, nikaliona jema. Nikamwita ndani, nikampa maji, nikamwambia, ndugu Bakari, huyu kijana ana pumzi, kwa nini usimchukue mkapiga pamoja zumari, harusi za Kigwena ni nyingi, na zumari ni mti, mti hauna tai wala ua.

Shabani hakumngoja hata Bakari afungue kinywa. "Mimi? Nipige kile kitu cha kuitia mbuzi?"

Mbele ya mgeni! Mwanangu huyu, ambaye Alhamisi alikufa kwa kudharauliwa, Ijumaa amemtemea mwenzie dharau ile ile, ikiwa bado ya moto. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwomba radhi Bakari. Na Bakari naye, unafikiri alihuzunika? Alijivuta juu akasema, "Hata hivyo nisingemchukua. Zumari ya kweli ni ya pwani, ya mti wa pwani. Hizi zinazochongwa huku bara na Wamanyema ni vijiti vya kukorogea uji. Mikono iliyozoea shaba ya ng'ambo haiwezi kitu cha pwani."

Akachukua mikeka yake akaenda zake na pua juu.

Nikabaki nimesimama na kata. Kumbe kila mtu ana wa kumdharau! Mwenye tai anamcheka mwenye ua, mwenye ua anamcheka mwenye zumari, mwenye zumari ya pwani anamcheka mwenye zumari ya bara, na huyo wa bara sijui anamcheka nani, labda anayepiga mluzi. Wote wana pumzi ile ile aliyowapa Mungu. Hakuna aliyezaliwa na chapa kwenye pafu.

Leo mvua ilipokata nilijifunga kanga mbili, nikaenda kwa Feruzi. Baba Shabani alisema kutoka kitandani, "Mama Shabani, hayo ni mambo ya wanaume." Nikamwambia anyanyuke basi akayaseme yeye. Akageukia ukutani.

Nilimkuta Feruzi kibarazani, amenyoosha ule mguu wake, anasugua tarumbeta ya Rajabu kwa majivu na ndimu. Leso ya Bi Halima imefungwa pale pale. Rajabu mwenyewe hakuwepo. Mke wake Feruzi alikuwa anachambua visamaki vya ndagala.

"Amahoro, kapteni."

"Amahoro, Mama Shabani. Karibu mukeka. Habari ya mugongo ya muzee?"

"Mgongo unauma. Sikuja kwa mgongo. Leso hiyo ni ya nani?"

Akaendelea kusugua. "Si unaona iko kwa nani?"

"Naona iko wapi. Nauliza ni ya nani. Bi Tabu alikuambia aliyemaliza. Rajabu alimaliza nini? Alimaliza togwa!"

Mke wake akacheka, akajifanya amekabwa na mwiba wa ndagala. Feruzi akamtazama, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimejiandaa, dada. Nilijua atasema alikosea, kulikuwa na makelele, hakuona vizuri. Nilikuwa nimekwisha kupanga kumsamehe nusu.

Akasema, "Ni ya Shabani. Najua."

Najua!

"Nilisikia kama wewe ulivyosikia," akasema. "Nina masikio. Hapa mwambao mzima hakuna mupigaji kama yule mutoto wako. Lakini mama, nisikilize. Mimi nilikuwa askari. Nimesimama bomani, nimemuona yule Mudachi mukubwa wa beni anavyopokea wapigaji. Hasikilizi kwanza. Anageuza tarumbeta, anatafuta chapa. Asipoiona chapa anayoijua anairudisha, na mutu wake anarudi naye. Sasa mimi nimutangulize Shabani mbele ya Bwana Mukubwa, na leso, na ile ua yake? Watasema beni ya Rumonge ni beni ya masufuria. Watatucheka sote, siyo yeye tu."

"Kwa hiyo ukamwibia."

"Sikuiba. Niliweka heshima mahali inapoonekana."

"Na mahali inaposikika?"

Akatema mate kwenye kitambaa, akasugua tai.

Hapo nilisema maneno mengi. Mengine siandiki kwa sababu shemeji Idi atakusikia ukisoma. Nilimwambia mguu wake ule mgumu nao una chapa ya tai, mbona haumfikishi popote? Hilo lilikuwa baya. Nilimwona limemwingia. Mke wake akaacha kuchambua. Majirani walikuwa wameshatoka milangoni, mmoja amejifanya anafagia uwanja uliojaa tope. Feruzi akasema taratibu, "Mama, mwanao akiwa na tai nitamufungia leso kwa mikono yangu, na nitatembea nyuma yake. Na yeye anajua. Nilimuambia mwenyewe."

Kumbe ndiye aliyempa lile wazo la Usumbura.

Nilirudi nyumbani mbio. Na habari za mtaa huu zina miguu mirefu kuliko yangu. Shabani alikuwa anajua kila neno kabla sijavuka kizingiti.

"Umenifanya mutoto, mama. Sasa wataimba. Sufuria ya ng'ambo na mwiko wake."

Lina mzaha, nakiri, tungekuwa na siku njema tungelicheka. Nikamwambia Feruzi amekiri. Leso ni yako, amekiri mbele ya mkewe, anasema mwambao mzima hakuna kama wewe. Nilidhani atafurahi. Akaniangalia kwa uchovu wa mtu mzima, nikaona kumbe mwanangu ameshakuwa mtu mzima, nami sikuwa nimeambiwa.

"Najua anajua," akasema. "Ndiyo maana naondoka. Angekuwa hajui ningebaki, nipige mpaka ajue."

Neno hilo nimezunguka nalo uwanja mzima.

Nilimtuma Zena kwa Bi Halima. Amerudi na majibu kwamba Bi Halima amesikitika, amesema leso ikishafungwa imefungwa, hawezi kuingia uwanjani kwa wanaume kuifungua, lakini binti yake anaolewa mara moja tu na wimbo wenyewe anajua aliupigiwa na nani. Maneno mazuri. Shabani ameyasikiliza, ameshukuru, murakoze, akaenda kukunja nguo zake.

Nimelia kidogo nyuma ya jiko. Kisha nikafikiri, maana hasira ikipoa inaacha akili.

Nikamfuata. Nikamwambia, Ujiji kuna beni, tena kubwa kuliko yetu, na shemeji Idi anapiga ngoma humo. Huko hakuna Feruzi. Pengine huko wanasikiliza kwanza. Akasema, "Huko nako watatafuta tai, mama. Kila mahali watatafuta." Nikasema hatujui, tuulize. Tumekwenda hivyo, mimi navuta, yeye anavuta, mpaka akachoka na mimi akasema ili nimwache: mtumbwi wa mawese unaokwenda Usumbura ukijaa kabla jibu la mamkubwa halijafika, anapanda. Jibu likitangulia, na likiwa jema, anakwenda Ujiji.

Nikasema haya. Tukashikana mikono kama wafanyabiashara.

Alijua mtumbwi uko karibu kujaa. Ndiyo maana alikubali upesi. Lakini hakujua unangoja nini.

Mwenye mtumbwi ni mzee Kashindi, na mzee Kashindi haondoki na nafasi tupu hata ya kibuyu. Amekwisha kupakia mawese yote ya huko Kizuka. Bado yangu. Mitungi yangu ya mawese ndiyo inayoshikilia safari, dada, ya mwezi mzima wa kuchemsha na kukamua, niliyokwisha kuahidi na kufunga midomo kwa majani ya mgomba.

Alasiri hii amekuja mwenyewe, ameloa mpaka magotini.

"Mama Shabani, mawese iko wapi?"

"Bado hayajaiva, mzee wangu."

Uwanja wote unanuka mawese yaliyoiva. Asha, mdomo wake umepakwa mawese mpaka masikioni, amesimama kati yetu. Mzee Kashindi akanusa. Akamtazama mtoto. Akanitazama mimi.

"Hayajaiva," akasema.

"Mvua, mzee. Kuni mbichi."

"Basi nitarudi."

"Rudi, mzee. Lakini usirudi upesi."

Nadhani ameelewa. Ana watoto. Ila hana subira ya milele, na Shabani si mjinga, pua anayo.

Kwa hiyo huyu baharia wa Ujiji anayengoja upepo hapa chini atakuletea maneno haya, nimemlisha ashibe ili asisahau. Muulize shemeji Idi leo leo, kabla hajala. Je, kapteni wa beni ya huko naye anapita na kidole gumba? Je, wanaweza kumsikiliza kijana kwanza, halafu ndipo watazame alichoshika? Na kama na huko ni tai tu, niambie hivyo hivyo, usinibembeleze kwa kuwa mimi ni mdogo wako. Nitajua la kufanya, au sitajua, lakini nitakuwa nimeambiwa.

Nijibu upesi, Mwajuma. Kwa mtu yeyote, kwa mtumbwi wowote, hata neno moja. Mitungi nimeiingiza chumbani na kuifunika kwa mkeka, nami ninakaa juu yake ninapokuandikia haya. Mawese yakikaa sana yanachacha. Yaache yachache. Nitakaa hapa mpaka nisikie kutoka kwako.